Mtaalamu wa Kupumzika

Jumatatu, 3 Machi

Blogu yangu imetimiza mwezi. Hongera kwangu! Inaitwa Pumua Kwanza, nayo inafundisha watu namna ya kugawa maisha: kazi ikae pake, familia pake, mapumziko pake. Wasomaji kumi na wanane. Mmoja ni mimi kwenye simu. Mwingine ni mimi kwenye kompyuta ya kazini. Hao waliobaki wananitegemea.

Mke wangu hakuchangamka kama nilivyotarajia. Kichwa chake kiko kwenye mtihani. Jumamosi hii anafanya mtihani wa leseni ya kusimamia duka la dawa. Miaka yote hii anauza dawa, lakini bila leseni mteja akiuliza swali zito lazima amwite bosi wake, kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma vibandiko vya chupa. Kijana anatoka nyuma ya rafu, anarudia maneno yale yale ya mke wangu, mteja anamshukuru kijana. Inamkera mpaka basi.

Mwaka jana alianguka. Anasema ni kwa sababu wiki ile ya mtihani mimi nilikuwa natengeneza sabuni jikoni kwake. Nasema mtihani ulikuwa mgumu. Hatujaafikiana mpaka leo. Sabuni yenyewe haikuganda.

Ameniomba kitu kimoja tu. Wiki hii jioni zote ziwe zake: mimi nipike, nioshe vyombo, niogeshe watoto, yeye asome. Na simu niiweke pembeni. Nimemwapia. Nikamkumbusha kwamba anazungumza na mtaalamu wa mambo haya. Akaniangalia kama anavyoangalia dawa iliyoisha muda wake.

Ahadi nzito kama ile haifai kupotea bure. Nikabandika wali jikoni, nikakaa kuandika makala: "Mume Anayejua Kusaidia." Imetoka nzuri sana. Wali umeungua. Binti yetu mkubwa, yuko darasa la nne, akauliza kama huku ndiko kupumua kwenyewe, maana nyumba nzima ilikuwa moshi. Huyu mtoto mdomo kaurithi kwa mama yake.

Jumanne, 4 Machi

Aibu! Halafu siyo aibu. Sijui niiteje.

Niliamka kabla ya jogoo, nijibu maoni ya wasomaji. Yalikuwa mawili. Nikayajibu kwa kirefu. Kwa hiyo nilipofika kazini macho yalikuwa mazito. Nauza magodoro. Mchana duka lilikuwa tupu, nikajilaza kidogo kwenye godoro la maonyesho, lile la dirishani, nijaribu ulaini wake. Kitaalamu tu.

Nilipofumbua macho, watu walikuwa wamejipanga nje ya kioo wananitazama. Udelele mpaka kwenye mto. Tajiri, ndiye mwenye duka, alikuwa amesimama juu ya kichwa changu. Nikajua kazi imeota mbawa. Kumbe anacheka! Bwana na bibi arusi watarajiwa walikuwa wamepita, wakaniona, wakasema hawajapata kuona binadamu aliyelala vile, wakanunua godoro lile lile. Walisubiri niamke ili walichukue.

Tajiri akanipa kazi mpya papo hapo. Kila siku baada ya chakula cha mchana nipande dirishani, nilale. Basi. Nilipwe kwa kulala!

Nimekataa. Muda ule ndio muda wangu wa kuandika juu ya umuhimu wa kulala. Nikamweleza kwa upole kwamba ratiba yangu imejaa. Tajiri akatikisa kichwa akasema mganga hajigangi. Methali nzuri. Nimeiandika, itanifaa kwenye makala.

Jioni akaja shemeji, mdogo wa kiume wa mke wangu. Huyu anafuga kuku, na mimi humwita Shemeji Kuku, ila si mbele yake. Naye ana blogu. Ya kuku! Wasomaji elfu sita. Anaandika mara moja kwa wiki, Ijumaa akishasafisha banda, halafu anazima simu analala fofofo. Makala yake ya mwisho inaitwa "Kuku Wako Anakohoa?" Nimeisoma. Haina mtindo, haina utangulizi, inaanza tu na kikohozi.

Wivu? Mimi? Ng'o.

Nilimuuliza siri ya mafanikio yake. Akasema hana siri, kuku wakikohoa watu huuliza. Nikambana kwa maswali zaidi. Akawa anajibu huku anaosha vyombo, kwa sababu vilikuwa pale na mikono yake haijui kukaa. Alipomaliza vyombo nikagundua kwamba ilikuwa zamu yangu. Mke wangu alitoka chumbani na kitabu chake, akamshukuru kaka mtu. Mimi sikushukuriwa, ingawa mazungumzo yote niliyaongoza mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua dawa ya matatizo yangu yote! Blogu ina kitufe cha kupanga muda. Unaandika leo, unachagua siku, ikifika makala inajitoa yenyewe kama jua. Mbona sikuambiwa? Mwezi mzima nimekuwa nikiteseka kwa mikono.

Mpango: leo niandike makala za wiki nzima. Kuanzia kesho mimi ni mtu huru, jioni zangu zote ni za mke wangu na watoto.

Tatizo dogo. Makala zangu zinaeleza ninavyoishi. Itabidi nieleze ya kesho kabla sijayaishi. Si uongo. Ni nia, na nia ni njema. Nimeandika ya Alhamisi, jinsi nilivyokaa na mke wangu nikamuuliza maswali ya mtihani. Nimeandika ya Jumamosi, jinsi nilivyomwamsha kwa chai. Nilijisikia mume mwema mpaka machozi yakanilenga.

Kazi hiyo imechukua jioni yote. Watoto wamelala bila kuoga. Kitindamimba wetu amelala na matope miguuni, shuka limekuwa ramani. Mke wangu alitoka akauliza nani atamsikiliza akirudia majina ya dawa, maana binti anajitahidi lakini majina yenyewe yanamvunja ulimi. Nikamwambia kesho, kesho mimi ni wake. Akasema mshika mbili moja humponyoka. Nikamjibu mbona nimeshika kitu kimoja tu. Akasema ndiyo, anaiona hiyo simu, imeunganishwa kwenye chaji.

Alhamisi, 6 Machi

Uhuru una kazi yake.

Nimerudi nyumbani mikono mitupu, sina cha kuandika. Nimepika. Nimekaa. Makala ikajitoa yenyewe, nikasikia simu imelia kabatini. Nikajikaza kisabuni. Ikalia tena. Jamani, mtoto wako akilia kabatini utamwacha? Lakini niliapa sitaishika mbele ya mke wangu. Kwa hiyo nikaenda nayo chooni, ambako hayupo.

Mtandao wa chooni ni safi ajabu. Maoni tisa! Mama mmoja ameandika kwamba amelia kusoma maneno yale: "Dakika hii unaposoma, simu yangu iko kabatini. Nimekaa na mke wangu, namuuliza maswali ya mtihani wake. Anacheka." Anasema mke huyo amebahatika. Nilikuwa namjibu mama huyo kwamba mimi nafanya wajibu wangu tu, nikasikia sauti nje ya mlango.

Mke wangu. Anasoma makala. Kwa sauti, polepole, anaheshimu kila nukta. Kumbe shemeji ni mmoja wa wale kumi na wanane, ndiye aliyemtumia. Alisoma vizuri kuliko nilivyoandika. Alipofika kwenye "Anacheka" akaishia hapo. Hakucheka.

Halafu akauliza, kwa upole kabisa, huyo mwanamke aliyekaa na mume wa mwenzake ni nani, maana angependa kumfahamu. Ningekaa mle mpaka Jumamosi, ila kitindamimba alikuja mbio ameshika suruali yake, ikabidi nifungue.

Nilitegemea ugomvi. Haukuja. Alikaa kitandani akasema hana hasira, ana hofu. Anaogopa kuanguka mara ya pili. Amechoka kumwita yule kijana kutoka nyuma ya rafu. Anasema akianguka tena hatarudia, atakubali tu kwamba hiyo ndiyo saizi yake.

Roho iliniuma, nasema kweli. Nikachukua kitabu kile kinene, nikaanza kumuuliza. Salaale! Anajua yote! Dawa ipi haikai na ipi, kipimo cha mtoto mchanga, dawa inayopita kwenye figo na inayopita kwenye ini. Hasiti. Mwanamke huyu nimelala naye nyumba moja miaka kumi na mbili, sikujua kichwani ana duka zima. Nilimwonea fahari.

Nikamwomba arudie ile ya figo, taratibu kidogo, nipate kuinukuu. Akafunga kitabu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ni siku ya vitendo. Nimetangaza kwenye blogu: "Siku Mbili Bila Simu." Na kweli nimeitoa simu! Nimempa shemeji, ameifungia kwenye stoo ya chakula cha kuku kule kwake, ukuta mmoja na banda, ufunguo anao yeye. Mke wangu alishuhudia. Kwa mara ya kwanza wiki hii alitabasamu, na lile tabasamu jamani, ningeweza kumpa shemeji na redio.

Jioni ya mfano. Wali haukuungua. Nimeogesha watoto wote wawili, mmoja mara mbili kwa makosa. Vyombo vinang'aa. Mke wangu alilala mapema, ametega kengele ya kumwamsha kwenye simu yake, kaiweka karibu na mto. Alinishika mkono kabla ya kusinzia, akasema asante.

Nikakaa sebuleni, mtu aliyetulia. Nikawaza: wasomaji wangu wanasemaje kuhusu mtu aliyetulia hivi? Mwandishi kutojua hilo ni kuwadharau. Nikaichukua simu ya mke wangu. Kidogo tu.

Maoni thelathini! Sifa tupu! Isipokuwa jitu moja. Limeandika kwamba mimi ni mnafiki, siwezi kukaa bila simu hata jioni moja, bila shaka sasa hivi niko pembeni nachungulia. Damu ilinichemka. Uzushi kiasi gani huu! Lakini nitajibuje, nami sina simu? Nikajibu kwa jina la Jirani Mwema. Nikaandika kwamba mimi ni jirani yake, naishi ukuta kwa ukuta, nathibitisha kwamba mtu huyu hana simu na sasa hivi amelala na familia yake. Jitu likauliza jirani ameona vipi kupitia ukuta. Nikalijibu. Likanijibu. Wengine wakaingia, wengine upande wangu, wengine wake. Jirani Mwema alinitetea kwa ushujaa, sijawahi kupata jirani kama yule.

Nikarudisha simu pale pale karibu na mto, kioo kimetazama chini, kama ilivyokuwa. Hatajua kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Yarabi toba!

Niliamshwa na jua. Jua la usoni, jua la watu waliochelewa. Nyumba kimya. Kengele haikulia. Simu ya mke wangu imezima kama jiwe, chaji imekwisha yote.

Aliruka kutoka kitandani. Chuo wanachofanyia mtihani kiko upande wa pili wa mji, na mlinzi akishafunga geti hafungui hata kwa mtoto wake. Alivaa kiatu kimoja huku anatafuta cha pili, ambacho alikuwa amekishika. Nikamweleza kwamba simu za siku hizi betri zake hazina maana. Aliniangalia mara moja tu. Afadhali angenitukana.

Ndipo pikipiki ikanguruma mlangoni. Shemeji! Macho mekundu, manyoya ya kuku begani, hajalala hata lepe. Alikuwa amekuja kunirudishia simu yangu kwa hasira. Anasema imelia usiku kucha kule stoo, ting' baada ya ting', kuku wote wakapanda juu ya vichwa vya wenzao wakidhani mwisho wa dunia. Yeye ufunguo alikuwa ameuangusha kwenye gunia la pumba pale bandani, akaupata alfajiri. Kila maoni yaliyoingia kwenye blogu yaliipigia simu yangu kengele. Yaani kila Jirani Mwema alipofungua mdomo.

Alinitupia simu kifuani. Mke wangu alikwisha kupanda nyuma ya pikipiki, viatu miguuni sasa, kalamu mdomoni. Wakapotea kwenye vumbi. Binti yetu alisimama kizingitini akiomba dua kwa sauti, na katika dua hiyo sikutajwa vizuri.

Baadaye nimesikia kwamba geti lilikuwa limebaki upenyo wa mtu mmoja mwembamba. Mke wangu si mwembamba. Lakini aliingia, na unyoya wa kuku kwenye nywele.

Mimi nilibaki na mawazo mazito. Hebu tufuate mambo yalivyokwenda. Kama nisingebishana na lile jitu, simu isingelia. Kama simu isingelia, kuku wasingeshtuka. Kama kuku wasingeshtuka, shemeji asingekuja mapema vile. Kwa hiyo nani amemfikisha mke wangu kwenye mtihani? Sitaki kujisifu.

Huku nyuma makala ya leo ilikuwa imeshajitoa, ile ya kumwamsha kwa chai. Inapendwa sana.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu anaongea nami, lakini kwa maneno ya dukani. Chukua. Weka. Mara mbili kwa siku baada ya chakula, hiyo ilikuwa kuhusu kuosha vyombo. Mtihani anasema aliandika wote, hakuacha swali. Zaidi ya hapo haulizwi.

Kuku wa shemeji wamegoma kutaga. Nilimpa pole. Ameandika makala juu yake: "Kelele za Simu Bandani." Mistari michache tu. Imesomwa na watu elfu kumi na mbili. Simu ni yangu! Kelele ni zangu! Jina langu halimo hata mara moja. Ama kweli dunia haina shukrani.

Ijumaa, 28 Machi

Amefaulu!

Matokeo yalibandikwa ukutani pale chuoni, akayasoma kwa kidole, akarudia, akamwita mlinzi naye ayasome. Alirudi dukani kwao analia, na yule kijana bosi wake akalia pamoja naye. Nami nililia, tena mbele ya wateja wa magodoro. Tajiri akaniambia nisilie juu ya bidhaa.

Jioni tulikula pamoja, shemeji naye akaja na mayai, maana kuku wamesamehe. Mke wangu akasimama kushukuru. Amemshukuru kaka yake kwa pikipiki. Amemshukuru binti kwa kumuuliza maswali, hata yale yaliyomvunja ulimi. Nikakaa vizuri. Akanigeukia, akafikiri, akasema anamshukuru Mungu pia kwa mume aliyempa, kwani aliyeweza kusoma nyumba moja na mimi anaweza kusoma sokoni. Shemeji alipaliwa na maji. Mimi nimeamua kwamba ni sifa.

Makala nimeitoa usiku huu huu: "Nilivyomfaulisha Mke Wangu kwa Utulivu." Wasomaji sasa arobaini na mmoja.

Jumapili, 30 Machi

Mke wangu hakutaka zawadi. Amesema anataka jioni moja tu ya kukaa na mimi. Bila simu, bila blogu, bila watoto, ambao wameenda kwa mjomba wao kuangalia vifaranga. Nilikubali kwa moyo wote. Simu nikaizima mwenyewe, mbele yake.

Tuliweka viti viwili uwani. Jua linazama, upepo mzuri, hakuna anayetuita. Mwanzoni mikono yangu haikujua iende wapi. Halafu ikatulia. Akaanza kuongea. Aliniambia kwamba mwaka jana baada ya kuanguka, lile koti jeupe alilokuwa ameshonesha kwa ajili ya leseni alilificha chini ya kitanda. Siku tukiwa hatupo alikuwa akilivaa, anasimama mbele ya kioo, anamhudumia mteja asiyekuwepo. Kisha analikunja analirudisha. Mwaka mzima. Nami nalala juu ya kitanda kile.

Nikamshika mkono. Akaniegemea begani, akasema hivi tu, hivi ndivyo alivyokuwa anataka. Nikaelewa kila kitu! Hiki ndicho nilichokuwa nikikiandika siku zote bila kukijua. Kukaa. Kusikiliza. Mtu begani. Nililielewa wazi, lote kwa pamoja, nikaingiwa na hofu kwamba nikichelewa nitalisahau.

Nikamwambia nakwenda kuchukua maji ya kunywa. Mara moja tu.

Jikoni nimeiwasha simu, nimeandika bila kunyanyua kichwa. Ni makala bora niliyowahi kuandika, hata mimi imenitoa machozi. Niliporudi uwani na bilauri mbili za maji kulikuwa na giza. Kiti chake kimeingizwa ndani. Changu kimeachwa nje.

Makala imekamilika, imekosa picha tu. Kesho nitamwomba akae tena pale pale, aegemee vile vile.